Televisheni inasikika lakini haionekani: niitengeneze au tununue nyingine?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi na mume wangu katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Tunalima ndizi, parachichi na chai kidogo. Nimesoma safu yako kwa muda mrefu, na sikudhani kwamba siku moja ningekuandikia kwa sababu ya televisheni, lakini jambo hili limeingia katikati ya nyumba yangu na sasa ni kubwa kuliko lilivyoanza.

Televisheni yetu ni ya inchi 43, na tuliinunua miaka sita iliyopita baada ya mauzo yetu ya kwanza mazuri ya parachichi. Miaka miwili iliyopita iligoma kuwaka kabisa, fundi akabadilisha vifaa vya sehemu ya umeme kwa shilingi 35,000, ikapona. Mwezi wa tatu mwaka huu, usiku mmoja wa mvua ya radi, umeme ulikatika na kurudi mara tatu. Asubuhi tulipoiwasha ilionyesha picha kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha kioo kikawa cheusi. Sauti ipo hadi leo. Ukibonyeza rimoti ya king'amuzi, stesheni zinabadilika, na mtangazaji unamsikia vizuri, ila humwoni.

Nilimwita fundi wa hapa Tukuyu, kijana wa jirani ambaye tunasali naye kanisa moja. Aliifungua, akaitazama, akasema kwamba taa zilizo nyuma ya kioo zimeungua na kwamba atazibadilisha kwa shilingi 90,000, spea akaifuate Mbeya. Mume wangu hakuridhika. Alimpigia simu fundi mwingine aliyeko Mwanjelwa, jijini Mbeya, akamweleza dalili, na huyo akajibu kwamba kioo kimekufa, na kioo kikifa hakuna cha kutengeneza, ni kununua nyingine. Tangu siku hiyo mume wangu anasema kuitengeneza kwa mara ya pili ni kuteka maji kwa pakacha.

Amekwisha kuona televisheni ya ukubwa uleule katika duka moja mjini Mbeya. Kwa fedha taslimu inauzwa shilingi 620,000. Kwa kulipa kidogo kidogo, unatanguliza 150,000, kisha unalipa 65,000 kila mwezi kwa miezi tisa. Fedha taslimu hatuna, isipokuwa shilingi 480,000 nilizoziweka kwa ajili ya binti yetu wa kwanza, ambaye amechaguliwa kuingia kidato cha tano na anatakiwa kuripoti mwezi wa saba akiwa na godoro, shuka, sare, nauli na michango ya shule. Mume wangu anataka tuchukue 150,000 humo, na anasema atairudisha kwa mauzo ya ndizi kabla mtoto hajaondoka.

Si kwamba mume wangu ni mtu wa anasa. Baba yake, ambaye amepita miaka themanini, anaishi katika nyumba ndogo uani kwetu. Kila jioni ilipofika saa mbili alikuwa anakuja sebuleni kusikiliza taarifa ya habari pamoja na wajukuu. Familia yetu bado inashika desturi ya Kinyakyusa ya mkamwana na baba mkwe kutokutana uso kwa uso, ijapokuwa wengi wanaotuzunguka wameilegeza, kwa hiyo yeye akiingia mimi hutoka kwa mlango wa jikoni. Tangu televisheni iharibike haji tena. Mume wangu anasema mzee ameumia moyoni na hatasema, na kwamba watu watasema tumeshindwa kumtunza. Nami siwezi kwenda kumuuliza. Kila nikisikia mlango wake unafungwa mapema jioni, naona kama lawama ni yangu, kwa kuwa ndiye ninayekataa fedha zisiguswe.

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Yule kijana fundi alipokuja, nilimpa shilingi 30,000 za kutanguliza ili akanunue spea, kutoka katika kibubu changu, na mume wangu hajui. Nilidhani ingepona haraka, na ingekuwa furaha kwa nyumba nzima. Sasa fundi anasema ataenda Mbeya wiki ijayo, na mimi sijui nimwambie asiende, au nimwambie aende na nimfiche mume wangu hadi picha ionekane. Naomba unisaidie kufikiri.

Mama wa Tukuyu

Marahaba, mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekuona ukiwa umebeba mizigo minne kichwani kwa kamba moja: televisheni iliyougua, fedha ya binti yako, baba mkwe ambaye haji tena sebuleni, na shilingi 30,000 zilizotoka bila mume wako kujua. Unaniuliza utengeneze au mnunue, nami naona kwamba swali hilo limekuwa zito kwa sababu yale matatu mengine yamelikalia. Naomba tuifungue kamba, tutazame mzigo mmoja mmoja.

Nianze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu mnabishana juu ya dawa kabla ya kukubaliana juu ya ugonjwa. Mafundi wawili wametoa majibu mawili, lakini hawakutazama kitu kimoja. Mmoja aliifungua televisheni kwa mikono yake, mwingine aliisikia kwa simu kutoka mwendo wa karibu kilometa 70. Hiyo haimfanyi wa kwanza kuwa sahihi wala wa pili kuwa mwongo. Inatosha tu kukumbusha kwamba hakuna aliyewathibitishia bado, na kwamba uthibitisho wa kwanza mnaweza kuupata wenyewe usiku wa leo bila kumlipa mtu.

Kioo cha televisheni za aina hii hakitoi mwanga wake chenyewe. Kinachora picha tu, kama vile kitambaa chenye maua kilichotundikwa dirishani, na mwanga unatoka nyuma yake, kwenye mistari ya taa ndogo za LED zilizopangwa juu ya bati. Kwa televisheni nyingi taa hizo zimeunganishwa kwa mfuatano, hivyo ikiungua moja mstari mzima unazimika, na mara nyingi mfumo wa ulinzi ulio ndani ukihisi hitilafu hiyo unazikatia umeme zote. Ndiyo maana picha inaweza kuonekana kwa sekunde moja kisha ikapotea, huku sauti ikiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Dalili uliyonieleza inafanana sana na hiyo. Basi giza likiingia, zimeni taa ya sebule, iwasheni televisheni na kuiweka kwenye stesheni yenye watu wanaotembea, kisha mwombe mume wako alete tochi yenye mwanga mkali karibu kabisa na kioo, kwa pembeni kidogo, na mtazame kwa utulivu. Mkiona vivuli hafifu vya watu wakisogea, kioo kinachora na kilichokufa ni mwanga. Msipoona chochote kila mnaposogeza tochi, tatizo linaweza kuwa kwenye kioo chenyewe au kwenye saketi zinazokilisha, na hapo maneno ya fundi wa Mwanjelwa yanapata uzito. Nakusihi tu msifungue mgongo wa televisheni wenyewe, kwa maana sehemu ya umeme inaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Nimesema mwombe mume wako alete tochi, na nimesema hivyo kwa makusudi. Akiona kwa macho yake, hatalazimika kuamini kijana wa jirani wala kukuamini wewe.

Kuna mawazo mawili katika barua yako ambayo ningependa uyapime tena. La kwanza ni kwamba radi ndiyo iliyoiua. Huenda ni kweli, kwa maana umeme unaokatika na kurudi mara tatu kwa usiku mmoja unaumiza vyombo. Hata hivyo radi inapoingia kwa nguvu, kwa kawaida hupiga sehemu ya umeme au pale waya wa antena na wa king'amuzi unapochomekwa, na televisheni iliyopigwa hivyo kwa kawaida haibaki na sauti safi na kubadilisha stesheni vizuri. Taa za nyuma, kwa upande mwingine, huchakaa zenyewe kwa miaka, hasa zikiwashwa kwa mwanga mkali kila siku, na zenu zimefanya kazi miaka sita. La pili ni neno la mume wako la pakacha. Ugonjwa wa miaka miwili iliyopita ulikuwa wa sehemu ya umeme, na huu, kama tochi itathibitisha, ni wa taa. Gari lililobadilishwa betri mwaka juzi likipasuka tairi mwaka huu, hatusemi betri ilikuwa kazi bure. Lakini mume wako naye ana hoja ambayo singependa uipite haraka: chombo cha miaka sita kina vifaa vingine vyenye umri uleule, na hakuna fundi mwaminifu anayeweza kukuahidi kwamba baada ya taa hakutakuwa na kingine.

Sasa tuangalie njia ya kutengeneza, ambayo moyo wako umeielekea. Shilingi 90,000 kwa chombo ambacho kipya chake ni 620,000 ni chini ya sehemu moja ya sita, na wengi husitasita tu gharama inapokaribia nusu. Hatari haiko kwenye bei hiyo. Iko kwenye mikono. Ili kuzifikia taa, fundi lazima akinyanyue kioo kizima, na kioo cha inchi 43 ni chembamba sana na kina nyaya laini kama utepe zilizobandikwa kwenye ukingo. Kikipinda kidogo tu, au utepe mmoja ukichanika, mtakuwa mmepoteza kile kilichokuwa kizima, na kununua kioo peke yake hukaribia bei ya televisheni mpya. Kazi hii inataka meza pana, mahali pasipo na vumbi, na watu wawili wa kunyanyua.

Kwa hiyo kabla kijana huyo hajapanda gari kwenda Mbeya, kaa naye na umuulize. Amekwisha kubadilisha taa za televisheni ngapi za ukubwa huu? Atabadilisha mistari yote, au ule ulioungua tu? Akibadilisha mmoja, ile ya zamani inaweza kufuata baada ya miezi michache, na mtalipa ufundi mara mbili. Ameandika namba ya modeli iliyo kwenye karatasi ya nyuma, au anakwenda kutafuta spea kwa kukadiria inchi? Kioo kikivunjika mikononi mwake, nani atabeba hasara? Atatoa muda gani wa kurudi kuitazama bila malipo? Najua ni vigumu kumhoji hivyo mtoto wa jirani mnayesali naye, na pengine ndiyo sababu hukumhoji siku ile. Lakini makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, yenye kiasi ulichotanguliza na kiasi kilichobaki, yatalinda ujirani wenu kuliko ukimya. Mwombe pia akurudishie taa za zamani, na akimaliza iwashwe hapo hapo kwa saa kadhaa kabla hajapokea kilichobaki.

Njia ya mume wako nayo ina uzuri wake. Televisheni mpya huja na dhamana, na mkitunza risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, pamoja na karatasi ya dhamana mna mahali pa kurudi ikisumbua. Ninachoomba mkae nacho mezani ni hesabu. Miezi tisa ya 65,000 ni 585,000, ukiongeza 150,000 ya kutanguliza unapata 735,000. Ni 115,000 zaidi ya bei ya fedha taslimu, yaani zaidi ya gharama yote ya kuzibadilisha taa. Mkikubali kulipa hivyo kwa kujua, si kosa. Lakini jiulizeni pia fedha ya kila mwezi itatoka wapi. Ndizi mnauza mwaka mzima, kidogo kidogo, ilhali parachichi ina msimu wake, na mkopo hausubiri msimu. Na muulize mwenye duka, kabla ya kusaini, kinachotokea mkichelewa mwezi mmoja: faini ni kiasi gani, na je, wanaweza kuichukua televisheni pamoja na mlichokwisha kulipa?

Tena hiyo mpya itachomekwa kwenye soketi ileile, chini ya radi zilezile za Rungwe. Chochote mtakachoamua, nyumba yenu inahitaji kawaida mpya: ngurumo ikianza kusikika, chomoeni waya wa umeme na waya wa antena au dishi, yote miwili. Kifaa cha kulinda umeme kinasaidia pale umeme unapopanda na kushuka, lakini hakiwezi kuzuia radi iliyopiga karibu. Umeme ukikatika, chomoeni, na ukirudi subirini dakika chache. Mkiitengeneza ya zamani, punguzeni pia ule mwanga wa nyuma kwenye mipangilio, kwa sababu mwanga mkali ndio unaozichosha taa.

Kati ya njia hizo mbili zipo nyingine ambazo sikuona mkizitaja. Inchi 32 ni ndogo, lakini bei yake ni nyepesi, na sebule nyingi hazidai zaidi. Na mkiamua kuiacha hii, msiitupe: televisheni ambayo kioo chake ni kizima ina thamani kwa mafundi wanaotafuta spea, na hicho kitakuwa sehemu ya fedha ya kununulia nyingine. Mkitaka kuipeleka Mbeya ili fundi wa pili naye aione kwa macho, isafirishwe ikiwa imesimama na imezungushiwa blanketi, isilazwe chali wala isiwekewe mzigo.

Kuhusu fedha ya binti yako nitasema machache. Mwezi wa saba hausogei. Mume wako anaamini ndizi zitairudisha 150,000, na huenda zitairudisha, lakini mwezi huohuo zitadaiwa pia 65,000 ya duka. Wekeni karatasi, andikeni mnachouza kwa wiki, mwone kama vyote viwili vinaingia. Mwacheni na binti mwenyewe asikie mazungumzo hayo. Ana umri wa kuelewa, na ni safari yake.

Nije kwa mzee, ambaye nimemfikiria sana. Mume wako anasema ameumia. Wewe unausikia mlango ukifungwa na unajiona mwenye lawama. Nimetafuta katika barua yako mahali ambapo mtu alimuuliza, sikupaona. Desturi inakuzuia wewe, nami ninaiheshimu, lakini haimzuii mwanawe, na haiwazuii wajukuu. Mtu wa miaka zaidi ya themanini anaweza kuacha kuja kwa sababu nyingi. Huenda anaikosa picha. Huenda macho yake yalikwisha kuchoka nayo, na alichokuwa anakifuata ni sauti na wajukuu waliomkalia miguuni. Huenda alisikia kwamba chombo kimeharibika, akaona si vyema kwenda kukaa katika nyumba yenye mvutano. Wewe mwenyewe uliandika kwamba alikuwa anakuja kusikiliza taarifa ya habari, na sauti, mwanangu, bado ipo. Je, kuna aliyemkaribisha tangu mwezi wa tatu? Mjukuu mmoja akitumwa leo saa mbili kasoro robo kumwambia, "Babu, habari zinaanza, karibu," mtajifunza jambo ambalo hakuna fundi wala duka linaloweza kuwaambia. Akija akakaa, mna muda wa kufikiri bila haraka. Akisema anataka kuwaona wanaozungumza, basi mume wako alikuwa sahihi juu ya baba yake, na hilo linastahili kuingia katika hesabu yenu kwa uzito wake.

Limebaki la 30,000. Naelewa ulivyofikiri, kwa maana hata mimi nimewahi kutaka kuwafurahisha wa nyumbani kwa jambo lililokwisha kukamilika. Lakini tazama lilikokufikisha: fundi akifanikiwa, mume wako atajua kwamba alibishania jambo ambalo wewe ulikwisha kuliamua, na kioo kikivunjika atajua siku ya hasara. Nafasi zote mbili ni ngumu kuliko kumwambia sasa, kabla spea haijanunuliwa. Fedha ilikuwa ya kibubu chako na nia ilikuwa njema, na unaweza kuyasema yote mawili bila kujitetea sana. Pengine wakati unaofaa ni baada ya tochi, mkiwa bado mmesimama gizani mbele ya kioo mkijua pamoja mlichokiona. Akikasirika, mwache akasirike kidogo. Wewe ndiwe unayemfahamu, na kama wapo wazee au wasimamizi wenu wa ndoa mnaozoea kuwashirikisha, unajua ni lini wanahitajika.

Kwa fundi, naona ni haki umwambie asubiri siku chache, na umweleze kwamba humfukuzi. Kama amekwisha kuitumia ile fedha, ni vizuri ulijue hilo mapema pia.

Sitakuambia mchukue njia ipi, kwa sababu kipande kikubwa cha jibu kiko kwenye sebule yenu na kingine kiko kwa mzee, na mimi niko mbali na vyote viwili. Ukipata nafasi niandikie tena, unieleze mlichokiona kwa tochi, na babu alijibu nini alipoitwa.

Mama Mshauri